Kuhusu Kundi la Mbao na Waya, na Mzee Aliyekuwa Mahali Pawili

Mubi, Jumatano asubuhi

Kwa Ndugu Athanase, Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi wa Parokia

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako, ingawa nilikufundisha darasa la tano na ninalikumbuka daftari lako. Mimi na mke wangu tu wazima, na natumaini nyumbani kwako nako hakuna homa.

Nimesikia kwamba Jumamosi kamati itaamua kama kundi la muziki liitwalo Mbao na Waya liendelee kuutumia ukumbi wetu, ambao ndio pekee wenye paneli za jua zinazotosha vyombo vyao. Naandika kuomba waondolewe. Wenyewe wamekwisha kutangaza kwamba wakikosa ukumbi watapanda lori la Jumatatu waende Bukavu. Sawa. Barabara ipo.

Kundi lina watu watatu. Zéphyrin anapuliza tarumbeta iliyobaki kutoka bendi ya zamani ya parokia. Fiston anapiga likembe, kile kinanda kidogo cha vidole gumba. Nicole anaendesha mashine. Nicole ni binti yangu wa mwisho, na jambo hilo halina uzito wowote katika barua hii.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanasema wanapiga jazi. Jazi naijua. Ujanani mwangu jazi ilikuwa na magitaa matatu, waimbaji waliovaa suti za rangi moja, na watu walicheza wawili wawili hadi soli za viatu zikalainika. Jazi ya hawa haina hata mwimbaji. Zéphyrin anaanza, Fiston anamjibu, kisha wanatazamana kama watu waliosahau walichotumwa dukani. Nilimwomba Fiston daftari la nyimbo zao ili nilisahihishe. Akanijibu, na ninanukuu kama alivyosema: "Papa Mwalimu, daftari haiko. Tunasikilizanaka tu." Kwa miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto kuimba do-re-mi kutoka ubaoni, na hakuna hata mmoja niliyemruhusu kumsikiliza mwenzake.

2. Hawarudii. Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa napita kwa bahati chini ya dirisha la ukumbi, nikaupa wimbo wao alama nne juu ya ishirini. Kesho yake nilipita tena kwa bahati, nikiwa na kiti. Wimbo uleule ulikuwa umebadilika, ukastahili kumi na mbili. Mwanafunzi anayebadilisha jibu kila anapoulizwa, na kila mara jibu likawa bora kuliko la kwanza, shuleni tulimwita mkaidi.

3. Mashine yenyewe. Ni kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa kitabu cha misa, na Nicole anakikanyaga kwa mguu kama anayezima kipande cha sigara. Kinanasa sauti yoyote iliyo karibu na kuirudisha papo hapo: mara moja, mara kumi, ikiwa nzito, ikiwa nyembamba, au ikienda kinyumenyume. Mvua iliyopiga mabati Jumanne ile ilipigwa tena Alhamisi, jua likiwa kali. Mama watatu walikimbia kuanua mihogo. Walipogundua kwamba barabara ilikuwa kavu walianika upya, na mmoja wao alitoa maneno ambayo sitayaandika katika barua inayopita kwa padri.

4. Mzee Straton. Unamjua: mwindaji, mwenye miaka themanini, na mmoja wa wachache waliobaki wanaojua kupiga kile kipande cha mti mkavu kwa vijiti viwili, kama walivyofanya wazee wetu wakati wa kusimulia hadithi. Ijumaa alasiri aliingia ukumbini na mti wake, akapiga pamoja na vijana, akawaaga, akaenda nyumbani kula. Mti ukaendelea kupiga. Mashine ilikuwa imeunasa.

Mke wake, Mama Jeannette, anakaa mkabala na ukumbi, na kwa miaka hamsini anaujua mkono wa mumewe. Alimwona Straton mlangoni na kumsikia Straton ukumbini kwa wakati mmoja. Akasimama na mwiko wa bugali, akamzuia.

"Weye ni nani? Bwana yangu iko anapiga kule!"

"Njo miye bwana yako, Jeannette!"

"Kama njo weye, kule iko nani?"

Niliitwa niamue, kwa kuwa nilikuwa karibu na dirisha, na nakiri kwamba hata mimi nilichungulia ukumbini kwanza. Ilibidi Nicole aizime mashine ndipo mzee alipopewa chakula, nacho kilikuwa kimepoa.

5. Mfano huo umeenea. Seremala aliye jirani na ukumbi aliacha sauti ya randa yake kwa Nicole, akaenda Njingala kuwasalimu wakwe. Wateja walipita siku mbili, wakasikia kazi inaendelea, wakaondoka wameridhika. Kisha ugonjwa uliingia katika kwaya ninayoiongoza ukumbini humo. Jumapili mchana niliita majina kama kawaida, nikapata "Niko" kumi na mbili na viti vitano vyenye watu. Ni kweli kwamba kwa mara ya kwanza tangu Pasaka sauti ya tatu haikukosea, lakini hilo si la kujadiliwa hapa.

6. Mimi mwenyewe. Jumatatu hii niliingia kuwakataza. Nilisema, kwa sauti ya darasani: "Hapana! Rudieni tangu mwanzo!" Nicole akakanyaga. Mashine ikarudia amri yangu mara kumi na sita, kila mara ikizama chini zaidi, hadi nikasikika kama fahali aliyeingia pangoni. Likembe likaingia katikati ya maneno. Tarumbeta ikaja juu yake polepole, kama mtu anayeinua shuka. Fiston akapaza sauti: "Papa Mwalimu, usitoke! Ile njo ilikuwa inakosekana!" Nicole alicheka tu, kama alivyokuwa akicheka kabla hajaanza shule na kujua kwamba baba yake ndiye mwalimu mkuu. Nilitoka kwa hasira baada ya saa moja na nusu.

Tangu hapo waendesha pikipiki wananisalimu barabarani kwa kupiga kelele "Rudieni tangu mwanzo!" Mama anayeuza mawese aliniongezea kipimo bila kuombwa. Miaka thelathini na minne ya nidhamu haikuwahi kuniletea mawese.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mwenyekiti, naiomba kamati iwatoe ukumbini na kuinyima mashine umeme. Naomba pia kila mtu ambaye sauti yake imo ndani ya kisanduku arudishiwe. Nimemuuliza Nicole kama inawezekana. Anasema zinaweza kufutwa lakini haziwezi kurudishwa, na kuzifuta sikubali, kwa kuwa Mzee Straton hatapiga vile tena. Mikono yake inatetemeka. Hivyo mashine isiondoke Mubi. Ikipanda lori, kamati itakuwa imewasafirisha hadi Bukavu mwindaji mmoja, seremala mmoja, waimbaji saba, mvua ya Jumanne, na mwalimu mkuu mstaafu, wote bila ruhusa ya familia zao. Mama Jeannette amenituma niongeze kwamba mume wake haendi popote. Na kwa kuwa mashine haiwezi kuendeshwa na mtu mwingine, huenda ikabidi kamati imzuie pia mwendeshaji. Jinsi ya kuwafukuza watu bila kuwaruhusu kuondoka ni kazi ya kamati. Ndiyo maana mlichaguliwa.

Nisalimie mke wako, watoto, mama yako mzazi na mguu wake, makatekista wote, na Padri, ambaye nilimwona naye akipita kwa bahati chini ya dirisha.

Nabaki mimi, mwenye kuutakia ukumbi wetu utaratibu,

Mwalimu Mstaafu Édouard Kibira

Nyongeza: Endapo kamati italikubali ombi langu, tafadhali nijulishwe Jumapili, lori likiwa bado halijapakiwa. Mimi na mke wangu tumeipima sebule. Kabati likitolewa nje na viti vinne vikahamia chumbani, watu watatu wanaenea, na tarumbeta inaweza kuelekea dirishani. Paneli yetu ni ndogo, kwa hiyo tangu juzi hatuwashi redio, ili betri ijae. Nyumba ni kubwa kwa watu wawili. Waambie tu kwamba ni agizo la kamati kuhamia kwangu. Maagizo Nicole ameyazoea. Ombi kutoka kwangu hajawahi kulisikia, na sijui atalijibu vipi.