Kilemba Changu na Kalavati la Mtaa

Nyie vijana wa kundi hili la ukoo, mnaoamka na simu kabla ya kunawa uso, leo nimeumbuka. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaletewa habari na Mama Tekla, maana yule akisimulia ataongeza chumvi. Someni kimya. Atakayetuma vile vidude vya njano vinavyolia kwa kucheka, msimu wa mavuno anakuja kupukuchua mahindi hapa. Peke yake.

Asubuhi kulikuwa na mkutano wa mtaa. Ule wa bajeti. Manispaa inatuuliza, mnataka nini kwanza? Mtaa unachagua kitu kimoja, kinapanda kata, kinakwenda kwa madiwani, na wao ndio wanapitisha au wanakata. Mkikosea pale mtaani, mnangoja mwaka mzima.

Mimi nilitaka kalavati. Lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara yetu. Tangu mvua zianze maji hayapiti. Yanapanda barabarani, yanaingia kwa jirani yangu Mama Tekla mpaka masufuria yanaelea jikoni. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba kalavati ni dogo, ni bovu, tunataka jipya. (Magoti yangu mnayajua. Nilipita hivyo hivyo.)

Mama Tekla mwenyewe, mwenye masufuria, hakutaka kalavati. Alitaka chumba cha kujifungulia pale zahanati. Sasa hivi anayejifungua na anayekohoa wametenganishwa na pazia tu, na mkwe wake ana mimba kubwa.

"Mwenzangu," nikamwambia, "tukaushe jiko lako kwanza."

"Jiko litakauka lenyewe mvua ikikatika. Huyu mtoto hangoji mvua ikatike."

Sikumsikiliza. Nikajipamba kwa mkutano. Gauni la kitenge na kilemba chake, kile cha vifaranga wa njano. Mnakijua. Mtaa mzima unakijua. Nikatia sweta juu, upepo ulikuwa mkali.

Mwenyekiti wa mtaa akanipa nafasi. Jamani, niliongea! "Kila tukinunua umeme tunakatwa kodi ya jengo! Inakwenda wapi? Barabarani maji, jikoni maji! Manispaa ituheshimu!"

Makofi. Mama Tekla akauliza kwa ile sauti yake ya kanisani, "Dada, si wewe ulisamehewa kodi kwa uzee?"

"Nawasemea wanaolipa!" (Ni kweli nilisamehewa. Lakini nani alimuuliza?)

Mikono ikanyooshwa, kalavati likashinda. Nikakaa kama bibi harusi.

Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa nakunywa chai na amani yangu. Lakini palikuwa na binti wa manispaa, mhandisi, kavaa buti za mpira. Ana adabu, siwezi kumsingizia.

"Shikamoo bibi. Kabla hatujaomba jipya, naomba tukalione hilo la zamani."

"Marahaba. Twende! Watu wote twende, wakaone tunavyoteseka!"

Nikatangulia. Mkutano mzima nyuma yangu kama Jumapili ya Matawi.

Binti akashuka mtaroni, akachungulia. "Bibi, kalavati hili zima kabisa. Kuna kitu kimeziba."

"Watu wachafu!" nikasema. "Hawana haya! Laiti ningewajua!"

Vijana wawili wakaingiza jembe, wakavuta. Kikatoka kiroba cha mbolea, kimejaa magunzi ya mahindi. Wakavuta, kikatoka kingine. Na kingine. Vyote vimefungwa mdomo kwa kipande cha kitenge. Kitenge cha vifaranga wa njano.



Watu wakaangalia kiroba. Wakaangalia kichwa changu. Wakarudi kwenye kiroba.

Ndipo nikakumbuka. Wakati wa kuvuna, mkokoteni wa ng'ombe ulishindwa kuvuka mtaro kuingia uani kwetu na mahindi. Mimi, kwa mdomo wangu huu, niliwaambia watu wa nyumbani, "Jazeni magunzi kwenye viroba, zibeni mtaro, ng'ombe wapite." Nikavifunga mwenyewe kwa mabaki ya kitenge aliyonirudishia fundi cherehani, maana mimi situpi kitu. (Kumbe natupa.) Ng'ombe wakapita, mahindi yakaingia, viroba hakuna aliyevitoa. Mvua ikavisukuma mpaka kalavatini.

Nikainua mkono polepole nikashika kilemba. Sijui nilitaka kukivua au kukificha.

"Dada," akasema Mama Tekla, "vifaranga wako hawa. Kumbe ndio walikuwa wanakuja kunywa maji jikoni kwangu!"

Weee! Mtaa mzima ulilipuka. Mwenyekiti akageuka upande, akakohoa. (Hana kikohozi.) Mkwe wa Mama Tekla alicheka mpaka akashikilia tumbo kwa mikono miwili, nikaogopa asije akajifungulia pale pale barabarani, hata pazia hakuna.

Nikalitazama lile tumbo. Nikamwambia mwenyekiti, "Rudia kura."

Akarudia. "Wanaotaka chumba cha kujifungulia?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Niliunyoosha kwa nguvu, nikasahau kwamba ndio ulioshika kilemba. Kikaruka, kikatua mtaroni, kikaanza safari ya kwenda kalavatini.

Mama Tekla akakiwahi. Akakikamua, akanipa. "Shika, dada. Kisije kikaziba tena."

Chumba kimeshinda. Sasa tunawangoja madiwani.

Nimefika nyumbani nimetoa amri, na nyie mlio mbali muisikie: kesho kabla ya chai, kila mtu mtaroni na koleo, tunaanzia mlangoni kwetu mpaka kwa Mama Tekla. Na kuanzia leo, viroba vya nyumba hii vifungwe kwa kamba ya katani, kama vya watu wote.