Kipago cha Nne

Jumatatu, 4 Februari 1957

Bwana Mbu, mtafiti wa malaria ninayemtumikia, ameondoka asubuhi kwenda kituo cha Amani, atarudi Jumapili. Gari-nyumba lake ameniachia mimi hapa Kigombe. Mimi, Msafiri bin Omari! Lori zima lenye chumba mgongoni, kitanda, jiko la pampu na pazia la maua. Nyuma kuna ngazi ya chuma ya kupandia paani, maana Bwana hukaa kule juu jua likizama, na chupa zake, akikamata mbu na kuwahesabu. Mtu mzima na ndevu zake. Mimi sisemi kitu.

Amri aliyoniachia ni moja tu. Kila siku niikague ngazi. Nipande kipago kimoja kimoja, nisimame kwa uzito wangu wote, niruke kidogo, nitazame nati na kutu, kisha niandike katika daftari. Anasema juzi ililia alipoikanyaga. Nikajibu ndiyo Bwana, bila shaka Bwana.

Shida ni kwamba mimi sipandi. Nilianguka kwenye mnazi wa marehemu baba nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo hata nikisimama juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, naona kizunguzungu. Siri hii tunaijua mimi na mnazi. Mwatumu asiisikie kabisa! Nimemwambia zamani nilikuwa mkwezi, minazi arobaini kwa siku.

Mwatumu ni mjane, anauza vitumbua njia panda. Mwili umejaa, sauti imejaa, akicheka unamsikia mpaka ufukweni. Nampenda, basi. Kaka yake Uweso amesema ataisikiliza posa yangu nikitimiza mwezi mmoja katika kazi moja bila kufukuzwa. Mwezi unatimia Jumapili hii. Kwa hiyo Bwana Mbu akianguka, nami posa yangu imeanguka.

Nimeikagua ngazi kwa fimbo, nimesimama chini. Ngo, ngo, ngo. Mlio safi. Nimeandika: Imara.

Jumanne, 5 Februari

Usiku nimewaza. Fimbo haina uzito. Bwana ana uzito. Asubuhi nikabuni mpango wa kisomi! Nimejaza nazi kwenye mapakacha mawili, nikayafunga kamba, nikairusha kamba juu ya kipago cha juu, nikavuta. Uzito wa mtu mzima umening'inia kwenye ngazi, na mimi miguu yangu iko mchangani. Nani mwingine Kigombe angewaza hivi?

Kamba ikakatika. Nazi moja ilinipata kwenye kidole gumba cha mguu. Zilizobaki zikaviringika mpaka barabarani.

Na nani alikuwa anapita? Laurenti! Laurenti ni fundi wa karakana kwenye shamba la mkonge hapo jirani. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua, watani wa tangu mababu. Maana yake anaweza kunifanyia lolote na mimi nikinuna aibu ni yangu. Mjomba wangu alipofariki, Laurenti alijilaza kaburini, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Tukampa. Leo ameokota nazi sita akasema ni haki ya mtani, kisha akauliza kama Wazigua siku hizi wanavuna nazi kwenye magari.

Sikununa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nimeandika: Imara. Kidole kimevimba.

Jumatano, 6 Februari

Laurenti karudi. Nikamwambia, kwa ujanja, kwamba watu wa bara wanaogopa kupanda hata ngazi ya vipago vinane. Akaingia mtegoni! Kapanda hadi juu, kashuka pole pole, kakipapasa kipago cha nne kwa kidole. Akasema pale kilipochomewa pamepasuka. Kina ufa chini, hauonekani ukiwa umesimama. Bwana akikikanyaga atavunja mgongo. Akasema ning'oe ngazi leo hii, yeye ataichomea karakanani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtani anishauri! Mwezi uliopita aliniambia kuna nyoka chini ya kitanda changu, nikalala nje siku tatu. Mwaka jana aliniambia Mkuu wa Wilaya ananiita Pangani. Nikaenda kwa miguu, nimevaa viatu vya kuazima! Na sasa anataka ning'oe ngazi ya Bwana, aibebe aende nayo, kisha nimfuate na jogoo. Thubutu!

Nilimwambia hivyo hivyo. Akanitazama, hakucheka, akaondoka. Ameanza kuwa fundi wa kujikausha uso, yule.

Nimeandika: Imara.

Alhamisi, 7 Februari

Leo nikaona lazima apande mtu mzito asiye mtani. Nikawapitia watu wote wa Kigombe kichwani. Imamu mzito, lakini anaumwa magoti. Muuza duka haondoki dukani. Amebaki mmoja tu.

Mwatumu.

Astaghfirullahi, nilijionea haya. Ila nikawaza: ngazi ni imara, nimeiandika mara tatu kwa mkono wangu mwenyewe. Yeye akipanda akashuka, Jumapili Bwana naye atapanda atashuka, na Jumapili hiyo hiyo mimi ni mchumba. Ni kwa faida yake.

Lakini mwanamke humwambii njoo upande kwa sababu ya uzito wako. Mimi si mjinga. Nikakumbuka kuna mbuzi wanaingia kwenye mihogo yake kila siku na hajajua ni wa nani. Nikamwambia kutoka juu ya paa la gari-nyumba unaona shamba lake lote, mpaka kwenye ua. Macho yakamng'aa. Akasema kesho baada ya swala ya Ijumaa anakuja, na huyo mwenye mbuzi atamtambua.

Alinipa vitumbua vitatu vya bure. Nilikula kimoja, viwili nikampa jogoo wangu mwekundu. Nimeandika: Imara.

Ijumaa, 8 Februari

Leo nitaandika yote.

Mwatumu kaja, kanga kaikaza kiunoni, kikapu kanipa nishike. Watu walikuwa wanatoka msikitini, wakasimama kutazama. Kakanyaga kipago cha kwanza. Kimya. Cha pili. Cha tatu, ngazi ikalia kidogo. Kanyanyua mguu kwenda cha nne, na mimi nikauona uso wa Laurenti wa juzi. Hakucheka. Laurenti ambaye alicheka kaburini!

Nikapiga ukelele. Shuka! Mwatumu, shuka haraka! Akashuka, akauliza kwa hasira kuna nini. Watu wote wananitazama. Nikasema neno la kwanza lililonijia: kwamba si adabu mwanamke kutangulia, nipande mimi kwanza nimsafishie kiti.

Nikapanda. Wallahi nilipanda! Macho nimefumba, nahesabu. Mikono ilikuwa imeshafika kwenye chuma cha paa nilipokikanyaga cha nne. Kra! Mguu ukabaki hewani. Nilifikaje juu ya paa sijui. Wanasema nilipiga mateke kama jogoo anayechinjwa, kanzu ikachanika mpaka kiunoni.

Nikalala kifudifudi juu ya bati, nimekumbatia sanduku la chupa za mbu. Nikamsikia Laurenti. Alikuwa anapita, kila siku anapita! Akatoa spana mfukoni, akafungua nati nne, akaibeba ngazi begani. Akatangaza kwa sauti ya mnadi kwamba Mzigua hashuki mpaka ngazi ichomewe, na ngazi haichomewi mpaka jogoo apatikane. Watu wakapiga makofi. Mimi sikununa. Niliwapungia mkono mmoja, ule mwingine ulikuwa kwenye sanduku.

Nimekaa juu kutoka adhuhuri mpaka karibu na magharibi. Mwatumu hakuondoka. Alikaa kivulini, akanipandishia vitumbua vimefungwa kwenye ncha ya upondo wa kusukumia ngalawa. Na chai! Chupa nzima, haikumwagika. Ndipo nikamwambia kweli, kwa sababu mtu akiwa juu ya bati la moto hana nguvu za kudanganya. Kwamba nilimtaka apande kwa sababu ya uzito wake. Kwamba sijawahi kuwa mkwezi. Kwamba naogopa hata sasa, na tafadhali asiende.

Akaulaza upondo chini. Kisha akasema habari ya ukwezi anaijua, Kigombe nzima inaijua, mnazi wenyewe bado upo na watoto huonyeshwa. Kuhusu uzito, nikishuka atanipiga. Halafu akasema nilivyopiga ukelele ule, sauti yangu ilikuwa imebadilika. Akatazama pembeni akijifuta macho kwa pindo la kanga. Vumbi la barabarani, nadhani.

Na mbuzi niliwaona. Watano, ndani ya mihogo, na mwenye kuwafungulia ua kwa mkono wake ni Uweso, kaka yake! Nikalitangaza jambo hilo kutoka juu, jina na idadi.

Laurenti akarejesha ngazi imechomewa. Nimeshuka. Mwatumu amenipiga, begani, si sana. Jogoo wangu mwekundu ameenda.

Nimeandika: Imara, isipokuwa kipago cha nne, ambacho hakikuwepo kwa muda.

Jumamosi, 9 Februari

Nimelala kifudifudi, mgongo umeungua. Nimewaza kuhusu posa. Uweso sasa amenikasirikia kwa ajili ya mbuzi. Mzee yeyote nikimtuma atafukuzwa. Ndipo nikapata wazo, na ni wazo la kisomi kuliko yote: mtani hafukuzwi! Hata aseme nini, mwenye nyumba atacheka. Nikamwomba Laurenti awe mshenga wangu.

Alikubali mara moja, hakunitania hata neno. Sikupenda hilo.

Jumapili, 10 Februari

Bwana Mbu amerudi. Alipanda ngazi, akaruka ruka, akashuka. Akasoma daftari, akakaa kidogo kwenye ukurasa wa Ijumaa, akakohoa. Akasema nimefanya kazi vizuri na ananiweka mwaka mzima. Kisha akasema wiki ijayo nitazame breki. Nimeshazitazama. Nimezigonga kwa fimbo. Nimeandika: Imara.

Baada ya adhuhuri Laurenti kaja, kavaa koti, kabeba sinia limefunikwa kawa. Akasema Uweso amekubali. Ameona haya kwa ajili ya mbuzi, na dada yake amemwambia mbele ya watu kwamba hamtaki mwingine ila mwoga huyu. Sinia ni la Mwatumu, amepika wali wa nazi na kuku aliyepelekewa na Laurenti. Kesho baada ya alasiri niende na wazee wangu wawili, nimevaa kanzu safi.

Nilimtazama. Uso mkavu kabisa, kama siku ile ya nyoka. Nikaonja kuku. Alikuwa mgumu, na ninamjua jogoo wangu hata akiwa ndani ya mchuzi. Mtani kapika mwenyewe! Nikamshukuru kwa adabu, nikamwambia safari hii hanipati. Akajipiga kofi la uso akaenda zake.

Jioni Mwatumu mwenyewe kapita. Akauliza, akiangalia chini, kama Laurenti amefika. Nikamwambia amefika, lakini asiwe na wasiwasi, sikumwamini hata neno moja. Maskini, alipatwa na mshtuko. Alikaa mchangani, akacheka mpaka akashika mbavu, akaanza upya. Nilifurahi kuona nimemwondolea aibu.

Alipopata pumzi akasema basi anasema yeye: kesho baada ya alasiri, nyumbani kwa kaka yake, kanzu safi, na nisichelewe.

Nimefikiri sana ni kwa nini. Nadhani Uweso ana ngazi, na habari za ukaguzi wangu zimeshaenea. Kanzu safi kwa kazi kama hiyo siielewi, lakini kwa Mwatumu nitavaa. Fimbo nimeshaiweka mlangoni.