Priampu ya Taa Nne na Mkamwana wa Mzee Zebedayo

Jumatatu, 9 Juni 2025

"Priampu ni mapambo ya watu waliokosa kazi. Waya utoke kwenye deki uingie kwenye ampu, ampu iende kwenye spika, basi." Ndivyo alivyosema Angetile leo saa tatu asubuhi, mbele ya duka la vocha, mbele ya mashahidi, na shahidi mmoja akacheka. Angetile ni jirani yangu na ni fundi redio. Redio za watu anazitengeneza kwa kuzipiga kofi.

Nilimpinga hapohapo. Kwa hoja hiyo, nilimwambia, hata chumvi ni mapambo: mboga iingie chunguni, chungu kiende mezani, basi. Nikamweleza kwamba priampu hukaa kati ya deki ya kanda na ampu, huipokea sauti ikiwa bado changa, huisafisha, huisimamisha wima, ndipo ampu huikuza. Ukikuza uchafu unapata uchafu mkubwa. Angetile alisema ndaga, Mwalimu, yaani asante kwa Kinyakyusa, akachukua vocha yake akaondoka. Hilo si jibu. Huko ni kukimbia.

Brighton, wakala wa forodha kule Kasumulu, ameniletea priampu mbili nizijaribu. Moja ina taa nne za kioo, kama zile za ndani ya redio za kizamani, zinazowaka rangi ya chungwa. Imevuka daraja kutoka upande wa Malawi. Nyingine ni ya transista, nyeusi, baridi, haina hata sura. Jumapili akipita kwenda Mbeya atachukua moja, moja itabaki kwangu. Sihitaji wiki nzima kuchagua. Ya taa. Mwezi wa tatu niliandika kurasa kumi na moja juu ya jambo hili, nikazigawa shuleni, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kunijibu.

Tatizo ni Eufrasia, mke wangu. Jumapili hiyohiyo dada yake Evodia anafika kutoka Bukoba, na spika zangu, kila moja kubwa kama friji, zimekalia nusu ya sebule. Anataka mitambo yote ihamie stoo, ikae na magunia ya mpunga. Nilipambana tangu supu mpaka chai. Mwishowe alitoa sharti. Kabla ya Jumapili, binadamu mmoja asiye mimi asikie tofauti ambayo hivi visanduku vinaleta. Asielezwe. Aisikie mwenyewe, aitaje. Akipatikana, muziki unabaki sebuleni mpaka tuzeeke. Asipopatikana, stoo.

Binadamu mmoja. Katika wilaya nzima. Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Jumanne, 10 Juni

Sicheki tena.

Wa kwanza alikuwa Neema, anayetuletea maziwa. Nilimketisha katikati ya spika, nikapiga wimbo kwa priampu ya taa, kisha wimbo uleule kwa transista. Nikamuuliza ameona tofauti gani. Alisema ndiyo, wa pili ulikuwa mrefu zaidi.

Wa pili, Nelson, mwalimu mwenzangu wa Kemia. Alisikiliza amefumba macho, kichwa kimeinama kwa unyenyekevu. Nilitiwa moyo sana. Alikuwa amelala.

Wa tatu, binti yangu Marystella, yupo likizo. Alisema zote mbili zinasikika za zamani. Nimemwambia aende akasome.

Eufrasia alipita na ndoo, akauliza wamepatikana wangapi. Nilimjibu kwamba ukweli haupigiwi kura. Akasema sawa, Baba Marystella, ila stoo nimeshaifagia.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata njia. Najishangaa kwa nini sikuiona mapema.

Kosa langu lilikuwa kuwauliza watu maoni. Watu hawana maoni, wana aibu na usingizi. Kinachotakiwa ni mwili. Mwili hausemi ili kumfurahisha mwenye nyumba.

Sasa basi. Angetile ana kanda ya kwaya ya wanaume wa Bujonde, ya mwaka 1988, inayoongozwa na baba yake, Mzee Zebedayo. Mzee bado yuko hai, analima kakao na mpunga hukohuko. Na mke wa Angetile, Lusungu, ni mkamwana anayeshika mila ya kwao bila kupunguza. Hakai chumba kimoja na baba mkwe wake. Jina lake halitamki. Akimsikia anakuja, anampisha njia. Mimi ni mtu wa Bukoba, lakini nimeishi hapa Kyela miaka kumi na miwili, na haya nimeyaona kwa macho yangu.

Hoja yangu ni hii. Priampu ikileta kelele za kanda tu, Lusungu ataendelea kunywa chai. Ikileta mtu mzima mwenye kifua na koo, Lusungu atanyanyuka. Jaribio safi kabisa. Niliazima kanda kwa Angetile. Alinipa haraka kuliko nilivyotarajia, hata hakuuliza ya nini.

Saa kumi Lusungu alikuja kurudisha ungo. Nikamkaribisha kwa heshima zote, Marystella akamletea chai. Taa nne zilikuwa tayari zimepata moto. Nikabonyeza. Mzee Zebedayo alikohoa ndani ya spika ya kushoto, akasema, "Ndugu zangu, tusimame."

Lusungu alisimama. Akajitanda khanga kichwani, akatokea mlango wa jikoni bila ndala zake, akakumba chungu kipya ambacho Eufrasia alikinunua kwa wafinyanzi wa Ikombe, akakipakata kwenye mtumbwi kama mtoto mchanga. Chungu kikawa vipande.

Nimeandika ukutani kwa penseli: saa kumi na dakika saba, binadamu mmoja.

Eufrasia aliviangalia vile vipande, akaiangalia penseli, akaniuliza kama nimekunywa maji ya kutosha leo.

Alhamisi, 12 Juni

Ushindi wangu umeishi saa kumi na tano.

Angetile alikuja asubuhi. Hakupaza sauti, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema nimemtegea mke wake kama panya. Kisha, kwa sababu hawezi kuacha hoja ikipita, akasema hata kisayansi nimefeli. Mwaka jana aliipiga kwaya hiyohiyo kwa simu, simu yenyewe spika imepasuka, na Lusungu alikimbia vilevile, tena siku ile alikimbia na sufuria. "Ndiyo maana kanda nilikupa mbio, Mwalimu. Nyumbani kwangu haipigiki."

Nilimjibu kwamba hata ndani ya simu mna priampu, ndogo sana, lakini imo. Hili ni kweli na halina ubishi. Nikadhani nimemmaliza.

Angetile akasema, kwa hiyo tayari ninayo.

Eufrasia naye ametoa hukumu akiwa anachambua mchele, bila kuinua kichwa. Lusungu alimsikia mtu, hakukisikia kisanduku. Haihesabiki. Na penseli niifute mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Lusungu hapiti tena mbele ya nyumba yetu. Akienda bombani anazunguka kule nyuma, migombani, ndoo kichwani. Eufrasia alimpelekea ndala zake akarudi hanisemeshi.

Jioni Angetile alinitangazia juu ya ua kwamba baba yake anakuja kesho. Habari zimefika Bujonde kwamba mwalimu wa Bukoba anatumia sauti ya mzee kufukuza wakamwana. Huu ni wakati wa kuvuna mpunga. Mzee haachi mpunga wake chini kwa ajili ya salamu.

Nelson amenishauri niseme pole tu, basi. Huyo ndiye mtu wa Kemia. Mimi nimeandaa utetezi wenye hoja saba. Ya nne ni kali mno. Imebidi niilegeze kidogo kwa sababu ya umri wake.

Jumamosi, 14 Juni

Mzee Zebedayo alifika saa nne kwa pikipiki, na kofia yake na fimbo yake. Nilimwamkia kwa Kinyakyusa, ugonile. Akaniitikia kwa Kiswahili. Ishara mbaya. Nikaanza hoja ya kwanza, akainua mkono.

Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, nisimpigie tena mkamwana wake sauti yake, maana mtoto wa watu anazunguka migombani na ndoo kwa sababu yangu. Nikakubali, nikaahidi. La pili, ile kanda iko wapi? Hajaisikia tangu redio yake ilipokufa, na redio ilikufa kabla Angetile hajaota ndevu.

Kumbe hakuja kunishtaki. Amekuja kusikiliza. Hoja saba, zote zimebaki mfukoni.

Nilimketisha, Angetile akakaa pembeni. Nikaanza na ya taa, bila neno. Mzee alisikiliza ubeti mmoja, akamgeukia mwanawe, akamuuliza ni nani anachemsha maji. Nikasema ule ni mvumo wa taa, Mzee, ndilo joto lenyewe la sauti. Akasema basi epueni.

Nikahamisha waya kwenye transista ili aone mwenyewe ubaya wake. Kwaya ikaanza upya. Kabla ya ubeti wa pili mzee akainua kidole. Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akakiinua tena, palepale.

"Huyo ni Wilson," akasema.

Wilson alikuwa mdogo wake. Alisimama kushoto kwake, sauti ya nne, na alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi kabla ya wenzake. Kila Jumapili mzee alimgombeza na kila Jumapili alirudia. Ana miaka ishirini kaburini. Na kweli, kati ya ubeti na ubeti kuna mtu anawahi kuvuta pumzi. Kwenye ya taa mvumo ulikuwa umemfunika. Wiki hii nimeipiga kanda hii zaidi ya mara thelathini, na sikumsikia.

Mzee alivua kofia akaiweka gotini. Tulirudisha mara sita. Angetile alikuwa anaangalia sakafu. Eufrasia alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, na akasema polepole, "Mtu mmoja. Hakuelezwa, na ametaja. Sebule ni yako, Baba Marystella."

Hapo mtu mwingine angenyamaza.

Nilisema mzee amekosea. Nilisema kwa adabu, nikatanguliza shikamoo mara mbili, lakini nilisema. Nikaeleza kwamba pumzi si muziki, ni dosari ya mwimbaji, na priampu iliyolelewa vizuri huificha dosari kama shati linavyoficha kitambi. Nikaleta zile kurasa kumi na moja nikamsomea. Ukurasa wa nane nikausoma mara mbili kwa sababu Angetile alikuwa anakohoa makusudi.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishukuru, "Ndaga fijo, Mwalimu. Sasa turudishie Wilson."

Jumapili, 15 Juni

Brighton alifika saa saba, akaacha injini inanguruma. Eufrasia alisema mpe hiyo inayochemka. Marystella akasema vilevile. Hata Nelson, aliyekuja kula tu, alisema vilevile na mdomo umejaa.

Nilimpa ile ya transista.

Ningeibakiza, kila siku ya maisha yangu sebule yangu ingetangaza kwamba nilikosea, na ingetangaza kwa sauti safi. Eufrasia hakugomba. Alisema tu kwamba tofauti aliyoisikia mzee imepanda gari la Brighton, kwa hiyo hakuna tena cha kubaki sebuleni. Mpaka saa tisa spika zilikuwa stoo. Evodia alifika saa kumi, akasifu ukubwa wa sebule, akauliza shemeji anaumwa nini.

Na transista haikufika Mbeya. Haikufika hata lami. Angetile alimsimamisha Brighton pale kona akaichukua yeye. Angetile, wa mapambo ya watu waliokosa kazi! Anaipeleka Bujonde kwa baba yake pamoja na deki, ampu, spika na ile kanda. Kule, anasema, Lusungu hatasumbuka, na mzee atakaa na mdogo wake kila jioni. Nilimtaka akanushe kwa maandishi kauli yake ya Jumatatu. Alisema hana kalamu. Nikampa kalamu. Akasema asante, akaondoka nayo.

Jumatatu, 16 Juni

Naandika nikiwa stoo, nimekalia gunia. Watu wanadhani nimeshindwa. Hawajui kwamba magunia ya mpunga yanameza mwangwi vizuri kuliko mapazia ya sebuleni. Taa nne zinawaka. Mvumo upo, ndiyo, na leo kuku wawili wamekuja kulala juu ya spika ya kulia kwa ajili ya joto. Kuku hawajasoma kurasa zangu na wamefikia jibu langu. Nimelipeleka hili kwa Eufrasia. Amesema sharti lilikuwa binadamu.

Hakusema sharti limekufa. Nimezingatia.

Nimepitia upya ahadi niliyompa Mzee Zebedayo. Niliahidi kutompigia mkamwana wake sauti yake. Wakamwana wa wengine hawakutajwa, wala sauti za wazee wengine. Kesho nabandika tangazo kwenye ukuta wa duka la vocha, na maneno yake ni haya:

Kwenu wakamwana wote wa Kyela, kuanzia Bujonde mpaka Ikombe, isipokuwa Lusungu. Jumamosi saa nne asubuhi mfike stoo kwa Mwalimu Kasian, kila mmoja na kanda ya baba mkwe wake, na ndala zenu mvae mguuni muda wote. Vyungu vimeondolewa njiani. Kaeni, msikilize, na atakayekimbia asivuke uzio kabla hajaandika kwa mkono wake, akatia sahihi, kwamba kilichomkimbiza ni kisanduku, si mzee.