Kichanja cha Karatasi na Hortensia za Aleida

Jumatano, 17 Aprili

Nimeangukiwa na nyota ya jaha! Asubuhi amekuja Bi Lidewij, yule mama wa kampuni inayopeleka maua nje. Kaja na malalamiko. Toroli zake za chuma zikishabeba maua mpaka Romania, hazirudi. Sasa anataka kichanja cha karatasi, chenye rafu za kupangia vyungu vya maua. Kiwe cha bei ndogo, kikunjike kiwe bapa, kisimame bila gundi wala msumari, na kikifika huko kitupwe pamoja na maboksi. Majaribio ni Ijumaa, tarehe tatu Mei. Atakayeshinda ndiye atakayemtengenezea.

Nikamwambia jambo hilo nimelifikiria miaka mingi. Si uongo mkubwa. Ningelifikiria miaka mingi kama ningelijua mapema.

Kuna kero moja tu: Teunis, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, ameambiwa vilevile. Teunis! Mtu anayepaka rangi mlango wake kila mwaka ili wangu uonekane mchafu.

Aleida, mke wangu, ndiye mwenye nyumba ya vioo ya kuoteshea maua na hortensia zake, yale maua yenye vichwa vikubwa vya buluu. Mimi nina banda la nyuma tu, la kubunia vitu. Nimemwomba maua ya kujaza kichanja kimoja siku ya majaribio. Amekubali, ingawa ni ya kuuzwa Siku ya Mama na ameyalea tangu msimu wa baridi. Lakini katoa sharti. Yakirudi salama, heri. Yakianguka, namkabidhi ufunguo wa banda, kisha naenda kusimama kwenye mashine yake ya kujaza udongo vyunguni, saa kumi na mbili kila asubuhi, na ubunifu basi. Akanyoosha mkono, tukashikana. Mkono wake ulikuwa na udongo na haukutania.

Ijumaa, 19 Aprili

Kichanja cha kwanza tayari. Miguu ni mirija ya karatasi, rafu ni kadibodi nene yenye vitundu ndani kama sega la nyuki. Nikapanga vyungu vinne. Kikaanza kuinama, polepole, kwa adabu. Aleida akapita, akasema kinasalimia wakwe. Mbunifu hajibizani.

Jioni nimeona jambo zito. Teunis amefunga mapazia! Katika kijiji hiki hakuna afungaye mapazia ya sebuleni. Mtu mwenye dhamiri safi anakaa mbele ya dirisha lake, anakunywa kahawa, apitaye na aone. Nimepita mbele ya nyumba yake na mbwa, nikarudi, nikapita tena. Hatuna mbwa, nilimwazima. Hakuna hata ufa wa kuchungulia. Basi anatengeneza kitu, na kitu hicho ni kizuri.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya karatasi kuukuu. Kila mwezi bendi yetu ya matarumbeta hupita na lori kukusanya magazeti na maboksi ambayo watu wameyafunga kwa kamba na kuyaweka kando ya barabara. Yakiuzwa, bendi inapata vyombo vipya. Mimi napiga lile tarumbeta kubwa la tumboni. Zamu yangu ya lori nimeikwepa kwa miaka, kwa sababu ya mgongo.

Leo nilifika wa kwanza. Krijn, dereva wa lori, akaniuliza kama nimeugua. Nikasema najitolea kwa moyo wa kupenda bendi. Akaniuliza tena kama nimeugua.

Hesabu yangu ni hii: anayejenga kwa kadibodi lazima atupe kadibodi. Na kweli! Mbele ya nyumba ya Teunis kulikuwa na furushi bapa, la kahawia, limefungwa kwa kamba vizuri kama zawadi. Teunis mwenyewe alikuwa dirishani jikoni. Akanipungia mkono. Nikampungia. Furushi sikulitupa kwenye rundo, nikalikalia. Krijn akapiga kelele kutoka mbele: "Ewoud, hebu inuka ufanye kazi, au hilo boksi limekuzaa?" Nikamwambia bodi ya lori ina baridi.

Jumapili, 21 Aprili

Baada ya kanisa nimelifungua furushi bandani. Ni kichanja! Kizima! Kipande kimoja kinachofunguka kama ramani, miguu inajikunjua yenyewe, rafu zinajifunga kwa masikio madogo. Nilikaa chini. Nilikuwa na wivu mpaka nikasikia njaa.

Chini ya kila mguu, pale unapokunjika, kuna alama nyekundu ya mkasi, mistari miwili iliyokatizana. Nimeitafakari sana. Nimeamua ni alama ya mafundi, ya kuonyesha pale penye nguvu. Na kwa nini kakitupa? Kwa sababu Teunis ni mtu wa anasa. Huyo hutupa hata mkate wa jana.

Jumatano, 24 Aprili

Nimekinakili. Neno baya, nimekiendeleza. Changu kina rafu moja zaidi na nimekipaka rangi ya kijani. Alama za mkasi nimezichora pia, kwa unadhifu zaidi.

Nikapanga vyungu, nikajaza rafu zote. Kimesimama! Nikakitikisa. Kimesimama! Nikamwita Aleida. Alikizunguka kwa muda, akakubali kwamba ni kizuri. Akakipapasa mguu. Moyo ulinijaa kweli, maana hajasifu kitu changu tangu nilipomtengenezea kiti cha bafuni, na hicho alikisifu kabla hajakikalia.

Kisha akauliza kama vyungu nimevimwagilia. Nikasema bila shaka. Vilikuwa vikavu, kwa sababu vikavu ni vyepesi, na majaribio huanza na mambo rahisi.

Alhamisi, 25 Aprili

Sasa nami nina siri, kwa hiyo nami nimefunga mapazia. Haikupita saa. Jirani wa kushoto alileta supu. Mchungaji alipiga simu, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki na kama tumeshapanga nyimbo. Krijn akagonga, akavua kofia, akasema bendi iko tayari. Aleida akayafungua mapazia kwa mikono miwili, pete zikalia kwenye fimbo. Akaniambia nikitaka kuficha kitu nikifiche bandani kama watu wengine. Supu tumeinywa. Ilikuwa na chumvi nyingi.

Jumapili, 28 Aprili

Teunis ametimiza miaka sitini. Tumekwenda. Viti vimepangwa duara kama kawaida, na kila aingiaye ampe mkono kila aliyekaa na kumpongeza: hongera kwa mumeo, hongera kwa baba yako, hongera kwa jirani yako. Nimepongezwa kwa kuwa na Teunis mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuvumilia kabla ya kahawa. Keki kipande kimoja kila mtu, kisha boksi likafungwa.

Mwenyewe akavuta kiti karibu nami. Akasema mbele ya watu wote:

"Enhe, jirani, chako kimefikia wapi? Changu cha kwanza kilinitoa jasho, nakwambia. Kikiwa kikavu, mambo safi. Kikilowa, magoti yanalegea kama ya mlevi. Maji yanashuka yote pale kwenye mkunjo. Nikapiga alama nyekundu pale pabovu, nikakitupa kwenye karatasi kuukuu."

Watu wakacheka. Aleida akanitazama. Mimi nikatazama sahani yangu.

Hila iliyoje! Ni wazi amegundua furushi lake halikufika kwenye rundo. Sasa anataka kunitia hofu nikiache. Anatungia uongo kitu chake mwenyewe, siku yake ya kuzaliwa, na mkewe kakaa pale pale anaitikia kwa kichwa. Ningekuwa mtu mwepesi ningeshtuka. Nimempongeza mara ya pili na kuondoka.

Alhamisi, 2 Mei

Aleida amechagua maua mwenyewe. Amechagua yaliyo bora. Nikamwambia hata ya wastani yanatosha. Akajibu kwamba kama kichanja ni cha kweli, kitabeba maua ya kweli. Akasema pia, polepole, kwamba anataka nishinde. Akasema hivyo bila kunitazama, akaendelea kukata majani.

Nitalala vizuri.

Ijumaa, 3 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili tulikuwa kwenye ghala la Bi Lidewij. Kichanja cha Teunis kilikuwa kifupi, cha kahawia, na miguu yake ameipaka nta kama ganda la jibini. Sura mbaya sana. Changu kilisimama kando yake kirefu, kijani, na watu wawili walikipiga picha. Bi Lidewij akasema cha Teunis hakipendezi. Watu wa hapa hawazungushi maneno, na nilifurahi kwamba hawazungushi.

Kisha Aleida akaja na mpira wa maji.

Nikamuuliza anafanya nini. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini mtu anapumua. Hortensia hupewa maji mpaka ishibe kabla ya safari, akasema, la sivyo inanyauka kabla ya kufika Ujerumani, na kila mtoto wa hapa anajua. Ninajua. Nilikuwa nimesahau kwa makusudi. Akamwagilia rafu ya juu, ya kati, ya chini. Maji yakashuka miguuni, yakakusanyika kwenye mikunjo, pale pale penye alama zangu nadhifu.

Lori lilikuwa la kampuni, dereva ni Krijn, maana huko ndiko anakofanya kazi siku za juma. Alitakiwa kuzunguka kijiji na kurudi. Tukamsubiri tukinywa kahawa na biskuti mojamoja. Nilianza kutunga maneno ya shukrani.

Alisema baadaye kwamba ilikuwa kwenye kipilefti cha pili. Hakusikia kishindo. Alisikia kitu kama mzee anayeketi.

Mlango ulipofunguliwa, cha Teunis kilikuwa wima, ua halijasogea. Changu kilikuwa kimepiga magoti, kimeinamisha uso, na hortensia za Aleida zilikuwa sakafuni zote, vichwa vya buluu vimevunjika na udongo umetapakaa juu yake. Bi Lidewij akasema: "Hiki hakifai." Akaandika jina la Teunis.

Teunis akapanda lorini. Akainua mguu mmoja wa kijani, ukabaki mkononi mwake kama uji mzito. Akautazama mkunjo, akatazama alama.

"Jirani," akasema, "mimi nilikwambia."

Na Krijn, ambaye hajawahi kufunga mdomo kwa wakati wake: "Ahaa! Kumbe hicho ndicho ulichokuwa umekikalia! Nami nikadhani una bawasiri!"

Ghala zima lilicheka. Aleida hakucheka. Alikuwa amepiga magoti lorini, anatenga yaliyovunjika na yanayoweza kupona. Yanayoweza kupona yalikuwa machache mno. Nikataka kumsaidia, akanisogeza kwa kiwiko. Nilijisikia vibaya sana. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Nyumbani sikungoja aseme. Niliweka ufunguo wa banda mezani.

Jumatatu, 6 Mei

Kazi mpya. Saa kumi na mbili nilikuwa kwenye mashine. Inadondosha udongo, mimi naweka chungu. Aleida amenisemesha mara mbili, zote kuhusu chungu kilichopinda. Lakini mchana aliniletea mkate wenye jibini, na jibini lilikuwa nene. Hortensia zilizobaki kwenye nyumba ya vioo zinachukuliwa kesho kwa ajili ya Siku ya Mama. Anasema hizo ndizo zitakazouokoa mwaka.

Nimepata muda wa kutafakari na nimeona kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwa Teunis. Mchoro wake ulikuwa mbovu, nami nikamwamini. Ndiyo hasara ya kuamini watu.

Nikiwa nimeshika vyungu hivyo kutwa nzima, nimegundua jambo ambalo hakuna aliyeligundua. Ni vya plastiki! Vyote! Kwa nini visiwe vya karatasi? Vyepesi, vya bei ndogo, vinakunjika. Saa nane Aleida alikwenda kwa dada yake, atalala huko. Kufikia saa kumi nilikuwa nimekunja vya kutosha kwa magazeti kuukuu, na kufikia saa kumi na mbili nilikuwa nimehamisha hortensia zake zote, safu kwa safu, kutoka kwenye plastiki kuingia kwenye karatasi. Zimependeza ajabu. Nimemwachia Bi Lidewij ujumbe aje na lori na macho yake mawili. Aleida nitamwambia atakapoziona mwenyewe.

Wala hakuna kazi ya ziada. Hizi meza zake zinazobeba vyungu zinajijaza maji kutoka chini zenyewe, saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kesho naweza kuchelewa kuamka.