Malalamiko Kuhusu Kumteua Mke Wangu na Kuniacha Mimi

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Televisheni ya Mawimbi Meupe,
Niigata.

Ndugu Mkurugenzi,

Baridi imeanza kushuka kutoka milimani, na matunda ya kaki katika uwanja wa jirani yamekwisha kuwa mekundu. Natumaini wewe na wafanyakazi wako hamjambo. Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu nililelewa vyema. Vijana wako waliokuja hapa Itoigawa Jumapili iliyopita kutafuta washiriki wa kipindi cha “Nyumba Moja, Majibu Mawili” hawakuanza na chochote. Walianza na kipaza sauti.

Jina langu ni Kunimatsu Yasuji. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkuu wa kitengo cha usafirishaji katika kiwanda cha saruji, na hakuna lori lililotoka getini bila mimi kujua linakwenda wapi. Nilikuja kwenye usaili wenu katika ukumbi wa manispaa pamoja na mke wangu, Tomie. Nasema nilikuja naye, ingawa yeye ndiye aliyeona tangazo, akatuandikisha na kunifunga tai. Leo yeye amechaguliwa na mimi nimeachwa. Naomba kwa heshima zote uteuzi wake ufutwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Maswali yenu hayana staha. Nilijua kwamba kila mmoja ataulizwa juu ya mwenzake, lakini nilitegemea mambo ya uzito. Badala yake swali la kwanza lilikuwa: betri za akiba mnaweka wapi? Ndugu Mkurugenzi, hilo si swali la mume. Mimi nikitaka betri nasema “We!” na betri zinakuja. Wakaniuliza mke wangu anapenda kula nini. Nikajibu: kile kinachobaki. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi sikuwa natania. Tangu tuoane namwona kwa macho yangu akila kichwa cha samaki na wali wa jana, na hajawahi kulalamika.

Ilipofika zamu yake alijibu yote. Saizi ya kiatu changu, jino linaloniuma, hata jina la bosi wa zamani ninayemtukana nikiwa usingizini. Wakampigia makofi. Mimi ningesema huo ni upelelezi, na kwingineko watu hushtakiwa kwa hilo.

2. Mtangazaji wenu hana adabu. Namsema yule Haruomi mwenye nywele rangi ya chungwa. Nilipotakiwa kumtambulisha mke wangu nilisema yaleyale ambayo baba yangu aliyasema juu ya mama yangu: “Huyu ni mke wangu, mjinga tu, hajui kitu, naomba mtuvumilie.” Kila mtu anajua hiyo ni heshima. Ukimsifu mkeo mbele za watu watadhani umelewa. Mke naye huinama, anasema ni kweli kabisa, mambo yanaendelea. Lakini Haruomi akamsogezea kipaza sauti.

“Eti mama, ni kweli hujui kitu?”

“Najua soksi zake zilipo,” akasema mke wangu. “Yeye hajui.”

“Ehee! Haya baba, soksi zako ziko wapi?”

“Miguuni!” nikamjibu, na mpaka leo nashikilia kwamba jibu lilikuwa sahihi. Watu walicheka mpaka mzee mmoja wa safu ya mbele akaponyokwa na meno ya bandia. Bi Hirabayashi, mjane tunayepakana naye ukuta, akasimama juu ya kiti na kupiga kelele: “Tomie, mpe! Mpe tena!” Mwanamke wa umri ule, juu ya kiti cha ukumbi wa manispaa.

3. Hili ndilo kubwa, na hayo mengine ningeweza kuyameza. Mwishoni mwandaaji wenu, yule bibi mwenye miwani, alituita pembeni akasema, “Nyie wawili mnatufaa sana. Hasa wewe, baba. Tunawataka.” Nikainama, nikasema, “Hapana, hapana, sisi hatustahili. Wapo walio bora.”

Wewe ni mtu wa hapahapa, Ndugu Mkurugenzi. Hata mtoto anayepewa peremende na shangazi yake anajua kwamba hapo hujakataa, hapo ndipo umeanza kukubali. Mwenyeji anasisitiza, mgeni anakataa tena kwa sauti ndogo zaidi, mwenyeji anasisitiza tena, na mgeni anakubali kama mtu aliyelazimishwa. Nilikuwa nimeshaiandaa hata sura ya kulazimishwa. Bibi yule akasema, “Aa, basi, pole,” akalikata jina langu kwa kalamu.

Nilibaki nimeinama. Nikiwa bado katika hali hiyo nikasikia sauti: “Mimi nastahili.” Nilidhani ni mtu mwingine, maana sauti ile haijawahi kutumika nyumbani kwetu.

“Lakini mama,” mwandaaji akamwambia, “kipindi ni cha watu wawili wa nyumba moja.”

“Basi nitakuja na Bi Hirabayashi. Anakaa jikoni kwangu kuliko huyu. Na betri anajua zilipo.”

Hapo kiongozi mwenye busara angewafukuza wote wawili. Ninyi mkashangilia, mkatangaza toleo maalumu la majirani.

4. Tangu siku hiyo nyumba yangu imeharibika. Nikisema “We!” sauti inauliza, “We nani?” Bi Hirabayashi yuko sebuleni kutwa nzima kwa mazoezi, na ananichungulia kana kwamba mimi ndiye kitabu cha kiada. Jana kaniuliza, “Shemeji, eti unaogopa radi?” Kaambiwa na nani? Na sasa naarifiwa kwamba watalala huko Niigata kwa ajili ya kurekodi. Nikauliza, maji yangu ya kuoga atayapasha nani? “Kitufe kiko ukutani, Baba,” mke wangu akasema. “Kinaongea chenyewe.” Nikaenda kukibonyeza. Ni kweli kinaongea. Kina sauti ya msichana mpole sana, na miaka yote hii hakuna aliyenijulisha.

Kwa hiyo naomba uteuzi ufutwe mara moja. Kama hilo ni gumu, mwandaaji aje hapa nyumbani anikaribishe mara ya pili na ya tatu, nami nitakataa inavyotakiwa kisha nitakubali. Kama hilo nalo haliwezekani, leteni mtu wa kunipikia wali mke wangu atakapokuwa hayupo, ila asiwe Haruomi. Na kama hata hilo litawashinda, basi nirudishieni mke wangu kama alivyokuwa Jumapili asubuhi, akinifunga tai na hasemi kitu. Mlimchukua akiwa mzima, mmemrudisha anaongea.

Baridi inazidi, mjikinge na mafua. Wasalimie wafanyakazi wote, wapiga picha na wale wa taa, na mama yake Haruomi, ambaye namhurumia. Mke wangu anawasalimu. Bi Hirabayashi anawasalimu pia, kwa kuwa yuko hapa.

Ni mimi, katika masikitiko yenye heshima,

Kunimatsu Yasuji
Mkuu wa Kitengo (mstaafu)

Nyongeza: Baada ya kutia sahihi niliona hoja zangu zina upungufu mmoja, kwamba sikueleza mke wangu anataka nini hasa huko kwenu. Nikaenda jikoni kumwuliza ili nimnukuu kwa haki. Aliendelea kuosha vyombo, akasema, “Nataka tu mtu aniulize kitu, Baba. Tangu Chinami wetu aolewe, humu ndani naulizwa vitu viko wapi, basi.” Nilitaka nimwulize kitu palepale. Nikasimama nimeshika mlango, nikatafuta swali, sikulipata. Ninyi maswali mnayo mengi. Kwa hiyo jina lake msiliguse. Muulizeni, na mumpe muda wa kujibu, asikatishwe. Naomba pia nafasi moja ya mtazamaji, upande wa mbele, kwa sababu masikio yangu yamechoka na ningependa kusikia anachosema. Kama viti vimejaa, nitasimama.