Kuhusu Mchoro wa Shangazi Yangu na Watu Wengi

Kasulu, Kigoma
Septemba 2014

Ndugu Mtaalamu wa Mifumo, Bwana Rashid,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam, mbele ya kompyuta yako. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa heshima ya familia, ambayo inaumwa.

Mimi ni Tunu, yule msichana wa kidato cha tatu aliyekaa nyuma ya magunia ya maharage siku zote ulipokuwa dukani kwetu ukichora mfumo wa kompyuta wa duka. Sauti yangu huwezi kuikumbuka, kwa sababu hukuisikia. Nina aibu mno, lakini nikishika kalamu huwa naota meno. Kwa hiyo upokee malalamiko yafuatayo.

1. Neno "mahitaji". Ulimwambia shangazi yangu Kuruthumu, mwenye duka, kwamba kabla ya kuunda mfumo ni lazima ukusanye mahitaji yote. Bwana Rashid, hapa kwetu mtu akija dukani kukusanya mahitaji, anapimiwa. Shangazi akakupimia sukari, chumvi na mawese, akakukatia sabuni ya mche, akakuuliza, "Na dagaa, baba, nikuwekee?" Wewe ukaandika "dagaa". Bibi yangu naye nilipomuuliza kwa Kiha anahitaji nini, akasema magoti mapya, na hayo ukayaandika. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, nikinong'ona kwenye sikio la shangazi naye akikupazia sauti. Kosa nililiona. Ila kumsahihisha mgeni aliyevaa tai ni mtihani ambao sijawahi kuufaulu.

2. Mavazi. Kwenye karatasi ya manila ulimchora shangazi hivi: kichwa duara, mwili mstari, mikono mistari, miguu mistari. Huyu ni mwanamke ambaye hata akitoka uani kuanua nguo hujitanda. Wewe umemweka ukutani bila hata kanga. Adija, muuza vitumbua wa jirani, alichungulia mlangoni akasema, "We Kuruthumu, kumbe ndani ya baibui umekonda hivyo!" Nilijitahidi kumchorea mtandio kwa kalamu ya bluu. Sasa anafanana na mwavuli.

3. Lugha. Maelezo yote ulituachia kwa Kiingereza, ukasema mwenye elimu atayatafsiri. Mwenye elimu katika nyumba hii ni mimi: miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na huu wa tatu wa sekondari kwa Kiingereza ambacho hata mwalimu wetu hukisema akiwa amefumba macho. Yule mtu wa mistari ulimwandika "actor", na kamusi yangu ilimpa jina moja tu: mwigizaji. Nikaliandika chini ya miguu ya shangazi kwa herufi kubwa. Wateja wanaotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wameanza kumuuliza, "Mama, filamu yako inatoka siku gani?"

4. Uhusiano. Hapa naomba uvute kiti. Kwenye karatasi ya pili ulichora kisanduku cha muuzaji, kisanduku cha wateja, na mstari katikati, ukaandika kwa Kiingereza kwamba huo ni uhusiano wa mmoja kwa wengi. Nilitafsiri neno kwa neno. Ila niliona ni utovu wa adabu kumwita shangazi "muuzaji" kama mtu asiye na kwao, nikaandika jina lake pamoja na la babu yangu. Tukabandika ukutani kama ulivyoagiza, ili wadau wote waone.

Wadau waliona. Jumamosi alikuja Mzee Nurudini, mshenga aliyetumwa na Saidi, mwanamume mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kibondo. Alikuja kukamilisha posa ya shangazi. Akavaa miwani, akasoma. Akaivua, akaifuta kwa kanzu, akasoma tena. Kisha akaniuliza kwa upole, "Hawa wengi, mjukuu wangu, ni wangapi?"

Shangazi alikuwa jikoni anachemsha chai. Nilikuwa peke yangu, na siku hiyo ndiyo Mungu aliyochagua kunipa sauti. Nikajibu kama ulivyotufundisha: "Hawana kikomo, mzee. Na kila mmoja anaruhusiwa kurudi kadiri apendavyo."

Chai hakuinywa.

Tangu hapo Kibondo kimya. Shangazi anapanga makopo ya nyanya na kuyapangua. Baba yangu, ambaye ndiye kaka yake, ananitazama kama mtu aliyechoma ghala.

Kwa hiyo nadai haya. Kwanza, umwandikie Saidi, tena kwa mhuri, kwamba mstari ule ni wa kompyuta na shangazi yangu hajawahi hata kuugusa. Pili, watu wote wa kwenye michoro yenu wavishwe nguo kabla ya kuingia wilaya ya Kasulu. Tatu, neno "uhusiano" lipigwe marufuku wilayani hadi mashangazi wote waolewe. Nne, Saidi asiporudi, shangazi umuoe wewe. Mfumo ni wako, na mwenye kuharibu ndiye hutengeneza.

Naomba niishie hapa kabla aibu haijanirudia. Wasalimie wataalamu wenzako wote, na mama watoto wako. Kama yupo, dai la nne ulifute.

Wako katika kujenga mfumo,
Tunu

Baada ya sahihi: Shangazi amenikuta nalamba bahasha, akaisoma barua yote akiwa amesimama. Nilidhani atalia. Amecheka mpaka akashikilia mzani, halafu akaniuliza, "Nani kakwambia namtaka Saidi?" Hakuna aliyemuuliza, hata mimi mkalimani. Anasema alishamkataa kwa mdomo wake mara mbili, baba akasema hizo ni aibu za kike. Karatasi yako imemkatalia mara moja tu na imetosha. Basi ile barua ya kwa Saidi usiiandike. Ila jua la mlangoni linaufifisha mstari ule wa wengi, na tumesikia Mzee Nurudini atapita tena Ijumaa kuusoma mchoro vizuri. Ukiweza, wahi kabla yake. Njoo na kalamu nene.