Samaki Aliyezidi Mpini

Kamishna hakuwa kamishna wa kitu chochote. Cheo alipewa na koti lake la kaki lenye vifungo vya shaba, alilolipata mitumbani. Asubuhi hiyo alikuwa na tatizo moja: Jumapili wakwe watarajiwa wanakuja kumposa binti yake, naye kwa kujigamba aliwaahidi samaki wa kujaza sinia. Mkewe alimwambia wazi kwamba akileta visamaki, yeye hatoki jikoni, posa aipokee peke yake.

Sokoni aliona tangazo jipya ukutani: samaki wachanga wasiuzwe, bahari ipumzike. Wengine wakisoma tangazo hupata elimu. Kamishna alipata ajira. Aling'oa mpini wa ufagio wa soko, akauchora mistari, akaanza kupima meza hadi meza.

Hakuna samaki aliyefika hata nusu ya mpini. Waliokwisha kaangwa nao walipimwa, wakaonekana wachanga.

“Hawa ni watoto,” alimwambia kwa huzuni muuza samaki ambaye soko zima lilimwita Shangazi. “Nawarudisha kwa mama yao.”

Shangazi aliuliza mama mtu atawatambuaje na walishakaangwa. Kamishna akajibu kwamba damu ni nzito kuliko maji, akaondoka na ndoo tatu za Shangazi.

Lakini ndoo tatu za visamaki hazimtoi mke jikoni. Kesho yake alirudi kupima tena, akamkuta Shangazi na samaki mmoja juu ya barafu, kafunikwa gunia bichi kiunoni. Akapima. Samaki aliuzidi mpini! Aliushusha mpini taratibu, maana kwa sheria yake mwenyewe huyu hakamatiki.

“Huyu ni mtu mzima,” alisema Shangazi. “Simuuzi. Tubadilishane: nipe ndoo zangu tatu na huo mpini.”

Kamishna alimkumbusha kwamba wale ni watoto.

“Wamelala kwako usiku kucha, baba. Watakuwa wamekua.”

Kamishna alikubali upesi, mwenye samaki asije akabadili nia. Shangazi akamwusia kwa upole: samaki kishasafishwa, kishatiwa viungo, aokwe mzima na asigeuzwe.

Jumapili sinia ilijaa. Mke alitoka jikoni akitabasamu, na Kamishna akavimba ndani ya koti. Baba wa kijana, mvuvi tangu ujana wake, alipeleka mkono katikati ya samaki. Samaki akaachana. Mzee akashika ncha ya uzi wa kushonea nyavu, akauvuta, ukazidi kuja, hadi sinia ikabaki na samaki watatu wa kawaida, wawili hawana vichwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; habari ya kumshona hawakuigusa.

“Wa urefu ule tulishawamaliza baharini zamani,” alisema mzee, akizungusha uzi kidoleni. “Sokoni kila mtu anajua. Sasa nikuulize, mkwe: huyo binti ni mmoja, au naye kaungwa?”

Mke alirudi jikoni, akafunga mlango. Na kule sokoni Shangazi alikwisha rudisha mpini kwenye ufagio, anafagia magamba.